Mistari Mitatu ya Siku ya Soko

Nikiwa kwenye mswala nimewahi kuwaombea mabaya watu wawili tu. Wa kwanza ni mwizi aliyechukua baiskeli ya Baba karibu na geti la mpaka, na huyo nilishamsamehe kwa sababu simjui. Wa pili ndiye huyu ninayemwandika hapa, na yeye namjua mpaka mlio wa viatu vyake. Karibu kila ninachokijua kuhusu umeme na kompyuta alinifundisha yeye, na kumchukia nimemchukia kwa akili ile ile aliyoinoa mwenyewe.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Watu wa Nabuyoga watakueleza hayo kwa furaha, maana wanajivunia. Jina lake pia silitaji. Langu lilifichwa miaka tisa, basi lake nalo likae nje ya karatasi hii. Tororo nzima ilimwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo.

Alifundisha elektroniki kwenye chuo cha ufundi pale Tororo, katika chumba ambacho ukikaa dirishani unauona ule mwamba wa Tororo wote. Ubao ulimtosha dakika kumi tu. Baada ya hapo alishuka sakafuni na chaki, akachora saketi kuanzia mlangoni mpaka chini ya meza ya mwisho, na sisi tukajibana ukutani tusimkanyagie kazi. Alipita katikati ya mistari kwa ncha za vidole, mtu mzima mwenye kitambi, ameshika suruali magotini kama mama anayevuka tope. Wafagiaji walikatazwa kuingia mpaka mchoro ukamilike, na mara nyingine ulichukua wiki. Mapindo ya suruali yake yalikuwa meupe siku zote. Mfukoni hakukosa karanga za kukaanga, akazitumia kufundishia: anaweka karanga hapa, nyingine kule, kisha anauliza nani ataziunganisha bila kugusa mstari wa mwenzake.

Hivyo ndivyo tulivyoielewa chipu kabla hata ya kuiona. Alituambia kwamba ndani ya kitu kidogo kama ukucha kuna mamilioni ya vipande, na kila kipande lazima kiunganishwe na vingine kwa nyaya nyembamba kuliko unywele, na hakuna waya unaoruhusiwa kugusana na mwingine. Binadamu hawezi kuchora hilo kwa mkono. Zipo kampuni ambazo kazi yake ni kutengeneza programu za kuchorea chipu, na chipu zenyewe hazitengenezi. Zinawauzia wabunifu kifaa cha kazi, kama vile fundi cherehani anavyohitaji mkasi na futi kabla ya kitambaa. Mwalimu alizitaja kampuni hizo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja watu wa peponi. Tulidhani ni heshima. Leo nasema ilikuwa tamaa.

Alikuwa na sheria moja. Kila mchoro uwe na jina la mchoraji kwenye pembe ya juu kulia, na mchoro usio na jina aliuchana bila kuutazama. Akihisi kwamba umenakili, hakupiga kelele wala hakukupeleka kwa mkuu. Alikusimamisha mbele ya darasa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja wowote na kuuliza, "Mstari hii iko hapa kwa nini?" Ukieleza, unakaa. Ukishindwa, unasimama mpaka useme ni kazi ya nani.

Namkumbuka kijana mmoja wa Mella aliyenakili mchoro wangu wa kipaza sauti. Mwalimu alimwekea kidole, kijana akaanza kuzungukazunguka, mara umeme unapita hapa, mara unapumzika. Jasho likamtoka. "Umeme hapumziki, bwana," Mwalimu akamwambia kwa upole. "Sema tu nani amechora, ukae." Kijana alisimama mpaka kengele ya chakula ikalia, ndipo akanitaja. Mwalimu akampeleka kantini akamnunulia wali. Aliporudi alituambia, "Kuiba ya mtu si mbaya sababu mwenye iko na hasira. Ni mbaya sababu wewe utabaki hujui." Niliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu. Daftari ninalo mpaka leo, na jalada lake nimelisoma kwa meno yaliyoumana mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Maana mimi nilimpenda yule mzee. Lazima niseme, la sivyo hamtaelewa uzito wa kinyongo changu. Baba alipotaka niache chuo nirudi Busia nimsaidie shangazi dukani, Mwalimu alikuja nyumbani kwetu kwa baiskeli kutoka Tororo, jua la mchana likimwangalia utosini. Sisi ni Waislamu wa mjini, yeye ni mkulima Mkristo, na hakuwa na undugu wowote nasi. Alikaa mkekani, miguu yake mifupi imemshinda kukunja, akamwambia Baba, "Mzee, huyu mtoto yako iko na kichwa. Ukitoa yeye chuo, mimi nakwenda kulala hapa kwa mlango yako mpaka unachoka na mimi."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama akaleta chai ya tangawizi, na Mwalimu akanywa vikombe vitatu. Tangu siku ile alikuwa na kikombe chake kwetu, cha bati, chenye ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja. Hakuna mgeni mwingine aliyepewa kile. Mama alipofariki, kikombe kilikuja mikononi mwangu pamoja na jiko, nami nikakitunza. Aliponiita "nyara", yaani binti yangu kwa lugha ya kwao, niliitika "labeka" kama ninavyomwitikia Baba.

Kazi yangu ya kumalizia chuo ilikuwa ni programu ya kutafutia nyaya njia ndani ya chipu. Njia zenyewe nilizipata kwa Baba. Baba alikuwa mpanda baiskeli wa mpakani, wale waliobeba abiria na magunia kutoka Busia ya Uganda hadi Busia ya Kenya, na kila kichochoro cha panya alikijua kama kiganja chake. Nilimkalisha, nikamuuliza alivyokuwa akichagua njia.

"Kila mtu anataka ile fupi," alinieleza. "Sasa mkienda wote, mnakwama wote. Mwenye akili anakumbuka: jana ilijaa, juzi ilijaa, leo mimi napita nyuma ya machinjio. Nikikuta mwenzangu pale, narudi, natafuta ingine. Ikifika jioni kila mtu ana njia yake, hakuna aliyepangiwa."

Nikaandika hivyo hivyo. Kila waya nikaufanya mpanda baiskeli. Waya unachagua njia, ukikuta imejaa unarudi, na njia iliyojaa jana inakuwa ngumu zaidi leo, mpaka kila waya umepata pake. Ilichukua karibu miaka miwili. Mwanzoni sikuwa na mchoro wa chipu wa kujaribia, nikatumia ramani ya vichochoro vya Busia niliyoichora na Baba. Na kwa sababu Baba alisema siku ya soko hakuna anayepita katikati ya mji, nikaongeza mistari mitatu kwenye programu: kila mzunguko wa tano wa kutafuta njia, funga njia zote za katikati. Nilikusudia kuitoa baadaye. Nikasahau. Kwa michoro midogo ilileta hata faida kidogo, maana nyaya zilitikisika zikapata njia bora, nami nikaiacha humo humo.

Mwalimu alipoiona ikifanya kazi alizisahau karanga mkononi. Kisha akasema anaenda kwenye mkutano wa wataalamu Nairobi, nimpe nakala akawaonyeshe. Nilimpa kwa mikono miwili. Aliporudi aliniambia, "Nyara, ile kazi bado mbichi. Wacha ikomae." Alikuwa akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwezi haukupita, tukasikia kwamba Mwalimu amechukuliwa na kampuni kubwa ya ng'ambo, moja ya zile alizokuwa akizitaja kwa sauti ya chini. Chuo kilimchinjia ng'ombe. Mimi ndiye niliyekata vitunguu.

Ukweli niliupata kwa Wanjala, fundi wa simu upande wa Kenya, ambaye tulikuwa tukiuziana vipuri. Alinipungia mkono siku moja nikivuka. "Dada, cheki hii. Si huyu buda ni ticha wako? Ako kwa mtandao anabonga na wazungu!" Kwenye kioo cha simu alisimama Mwalimu ndani ya suti, nyuma yake picha kubwa. Ilikuwa ramani yangu. Alikuwa ameibadilisha rangi tu. Nilikiona kichochoro cha nyuma ya machinjio kwa macho yangu. Na pale chini, mahali pa jina, lilikaa lake peke yake.

Halafu mtu mmoja ukumbini akauliza kwa nini kila mzunguko wa tano programu inafunga katikati. Mwalimu akavuta suruali juu kidogo, nikajua hajui. Akaeleza kwa dakika nzima kwamba hata moyo wa binadamu hupumzika baina ya pigo na pigo, na kwamba hiyo ni kanuni yake ya mapumziko ya kati. Watu wakapiga makofi.

"Dada, mbona unacheka na unalia?" Wanjala akauliza.

Niliiandikia kampuni. Walijibu kwa adabu kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha mwandishi mmoja tu. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kompyuta ya chuo, na kompyuta hiyo ilikuwa imeshafutwa, sijui kwa mkono wa nani lakini nahisi. Nikafungua karakana nyuma ya nyumba yetu, natengeneza kompyuta za injini za malori yanayokwama kwenye foleni ya mpaka. Kazi ni nzuri, na madereva wananiheshimu. Lakini kila waya niliouchomelea nilikuwa namfikiria yeye.

Jambo lililoniumiza zaidi lilikuwa Baba. Mwalimu hakuwahi kumsahau. Kila Idi alipiga simu, akamtakia heri, akauliza hali ya macho yake, maana Baba alikuwa anapofuka taratibu. Baba aliishika simu kwa mikono yote miwili. Akimaliza alikuwa akisema, "Mtu wa dini nyingine, na bado anatukumbuka. Mungu ampe." Na kabla ya kuikata alikuwa akiniita, "Anakuuliza, uko wapi?" Nami najibu niko bombani, nisiongee naye. Sikumwambia. Kwa neno langu peke yangu ningeonekana mtoto asiye na shukrani, na nilitaka Baba ayasikie kwa kinywa kile kile kilichompa sifa. Hilo ndilo nililolitaka duniani, mwizi akiri mbele ya Baba, Baba akiwa bado hai wa kusikia. Mengine yote yalikuwa nyongeza.

Na nilijua nitalipata. Ndiyo sababu nilikaa kimya. Ile mistari mitatu ilikuwa bado imo. Kwenye chipu ndogo haina madhara. Chipu zikizidi ukubwa, mizunguko inakuwa mingi mno, na kila siku ya soko inayofika inavuruga nyaya zilizokwisha kutulia, zinaanza upya, zinavurugwa tena, na programu haimalizi kamwe. Chipu zinakua kila mwaka. Ningeweza kuwaambia, barua moja ingetosha. Wahandisi wasionijua wakaendelea kuiheshimu siku ya soko ya Busia bila kujua, nami nikangoja kama mtu anayengoja embe lianguke lenyewe.

Sijutii. Wengine wangesema nijute.

Mwalimu alistaafu akarudi Nabuyoga kujenga, ila kampuni ilimwacha kama mshauri wa ile sehemu ya programu, kwa sababu alikuwa amemkataza kila mtu kuigusa. Ndipo asubuhi moja nikasikia ule mlio wa viatu uani. Amekonda. Kitambi kimekwisha, mapindo ya suruali masafi, hayana chaki. Aliukwepa uso wangu akaangalia vifaa vyangu kwanza, kimoja kimoja, kama mkaguzi.

"Nyara. Umefanya vizuri hapa."

"Karibu, Mwalimu."

Akakaa kwenye kigoda. Alizunguka sana, habari za mvua, za malori, mwishowe akasema kwamba mteja mkubwa wa kampuni ana chipu ambayo programu inaizungusha wiki ya tatu sasa na haimalizi. Mkutano uko leo mchana, kwa video. Wanataka aeleze sehemu yake na namna ya kuirekebisha. "Mimi nimesahau kidogo. Uzee. Nikasema nyara atanikumbusha."

"Kukumbusha," nikasema.

"Tafadhali."

Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi kwa miaka tisa, matusi mengine nimeyasafisha kama bunduki, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu, "Nitakusaidia. Mkutano ufanyike hapa, kwenye mtandao wangu. Na Baba atakaa nasi."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Nadhani alielewa. Akatoa karanga mfukoni, akaziangalia, akazirudisha.

Nilimwongoza Baba kwa mkono nikamkalisha. "Mwalimu!" akaita, anatafuta mkono hewani. "Mwalimu wetu! Kumbe unakuja kimya kimya?" Mwalimu akampa mkono, na Baba hakuuachia. Walikuwa bado wameshikana mkutano ulipofunguka.

Kulikuwa na watu watano kwenye kioo, na mkuu wao mama mmoja mwenye miwani. Walimsalimu Mwalimu kwa heshima. Mimi alinitambulisha kama fundi wake. Mama mwenye miwani akamwomba aanze. Nikaifungua programu aliyokuja nayo, nikashuka mpaka kwenye ile mistari mitatu, nikaweka kidole juu ya kioo.

"Mwalimu," nikasema, "mstari hii iko hapa kwa nini?"

Akaanza kwa Kiingereza, moyo wa binadamu, mapumziko, kanuni. Mama mwenye miwani akamkatiza: kwa nini kila mzunguko wa tano, kwa nini si wa nne wala wa saba? Mwalimu akavuta suruali yake magotini. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso kama lilivyomtoka kijana wa Mella. Sikuondoa kidole. Nilimhurumia kwa muda mfupi, kisha nikakumbuka vile vitunguu.

"Sema tu nani amechora, ukae," nikamwambia. "Kwa Kiswahili kwanza. Baba asikie."

Mwalimu akautoa mkono wake kwenye mkono wa Baba.

"Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii kazi yote si yangu. Ni ya huyu mtoto yako. Mimi nachukua, nasema ni yangu. Hata hii mstari mimi sijui. Tangu siku ya kwanza sijui."

Kisha akageukia kioo akayarudia kwa Kiingereza, na jina langu akalitaja, bila kupunguza. Hilo namhesabia. Mama mwenye miwani akavua miwani yake akaniuliza mimi, kwa jina, akalitamka vibaya, hiyo mistari ni nini.

Nikamwambia ni siku ya soko. Nikamweleza Busia, wapanda baiskeli, na Baba aliyeketi hapa. Nikamwambia aifute yote mitatu, aanzishe upya. Akaandika. Alisema watanitafuta, nami nikamjibu wanajua nilipo, niliwahi kuwaandikia. Akashusha macho, na mkutano ukafungwa.

Baba ndiye aliyeanza kusema. "Kwa hiyo wale watu wote huko," alisema polepole, "siku ya soko yetu hawapiti katikati?"

"Hawapiti, Baba."

Akacheka, akacheka mpaka akakohoa kama siku ile ya mkekani. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, na akageuza uso upande alipokaa Mwalimu. Nilimwona anausugua mkono wake wa kulia gotini, ule uliokuwa umeshikwa.

"Mwanangu," akasema hatimaye, kwa sababu ndivyo alivyolelewa na hajui kufanya vingine mgeni akiwa ndani, "lete chai."

Nikaenda jikoni. Kikombe cha ukingo wa buluu kilikuwa msumarini mahali pake. Nilikigusa, kilikuwa na vumbi kidogo. Nikakiacha. Nikachemsha chai na tangawizi kama Mama, nikapanga sinia, nikarudi nalo karakanani na kuliweka mbele ya Baba.

Baba akapapasa sinia kwa vidole. Akakuta kikombe kimoja. Akakuta cha pili. Akaendelea kutafuta, pembe hadi pembe, cha tatu hakipo. Mkono ukatulia pale. Mwalimu alikuwa ameinama, anatazama sakafu yangu ya saruji iliyofagiwa.

Baba akachukua kimoja, akanisogezea mimi cha pili, akanywa.